Mahari Iliyopepesuka

Wewe uliyenifuata tangu wiki ya kwanza unanijua, sina haja ya kujitambulisha. Na wewe uliyelipata gazeti hili likiwa limefungiwa vitumbua, karibu ukae. Hujapitwa na sifa yangu hata moja, kwa sababu hazikuwepo.

Kwa ufupi, naitwa Thobias. Nilitoka machimbo ya Geita nikiwa na dhahabu kidogo, kikohozi kingi, na jino la dhahabu ambalo nilishawasimulia jinsi lilivyogeuka kijani mbele ya padri. Nikahamia kijiji kimoja jirani na Didia, mkoani Shinyanga. Nikampenda Generosa wa Didia, fundi cherehani, binti wa Mzee Bujiku. Ilikuwa mwaka 1983, mwaka ambao mtu aliyekuwa na kipande cha sabuni alikificha kama hirizi.

Wiki jana niliishia pale Mzee Bujiku alipoipokea posa yangu kwa sharti moja.

"Mwanangu habadilishwi na mifupa," alisema. "Ng'ombe wa mahari nitawapokea wakiwa wamenona. Nikiona ubavu, mtarudi nao."

Sasa ng'ombe wangu nilikuwa nimewanunua mnadani kwa haraka ya mtu mwenye mapenzi. Ubavu wao ulionekana hata kwa mtu aliyefumba macho. Kunguru aliyetua mgongoni kwa dume wangu mweusi aliona haya, akaruka.

"Walishe mashudu," alinishauri Athanas.

Athanas alikuwa rafiki yangu wa shimoni. Tulichimba pamoja, tukala sahani moja, tukaugua pamoja. Nilimfanya mshenga kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na koti.

"Mashudu ya pesa gani?" nikamuuliza.

Mashudu ni yale makapi ya mbegu za pamba yanayobaki baada ya kukamuliwa mafuta. Didia waliyapata watu wenye uwezo tu, wakawapa maksai wao wa kukokota pamba wakati wa mavuno. Mzee Bujiku alikuwa mmoja wao. Mimi niliishia kuyanusa.

Ngitili nayo sikuwa nayo. Ngitili ni malisho ya ukoo yanayofungwa wakati wote wa mvua ili yaje yaliwe kiangazi. Mimi nilikuwa mgeni. Ukoo wangu wote pale kijijini ulikuwa mimi.

Basi nikazunguka na ng'ombe wangu kama mtu aliyefukuzwa nyumba, mpaka nikafika kwenye lambo la zamani la kunyweshea mifugo, lile lililo katikati ya kijiji chetu na Didia. Mvua za mwaka ule zilikuwa zimegoma kukatika. Kando ya maji nyasi zilikuwa zimefika kiunoni, za kijani, laini, zimejaa mashuke. Na hakukuwa na ng'ombe hata mmoja! Wenyeji walikuwa na malisho ya kutosha juu kwenye miinuko, hawakuona sababu ya kuzama kwenye tope.

Mimi nikaona wenyeji ni wajinga.

Mwishoni mwa mvua mashuke yale yalianza kutoa kitu cha kunata. Nilipopita katikati yake suruali ililowa utomvu, sisimizi wakanifuata mpaka nyumbani. Nikagusa kwa kidole, nikaramba. Tamu!

"Athanas," nikasema, "ng'ombe wangu wanakula asali."

"Usimwambie mtu," akasema Athanas. "Watakuja wote."

Sikumwambia mtu. Lakini msomaji, kuna mambo mawili ambayo sijawahi kuyaweza. La kwanza ni kunyamaza. La pili ni kusema ukweli mbele ya mwanamke ninayempenda.

Siku moja nilipita kwa Mzee Bujiku kusalimia. Generosa alikuwa barazani na cherehani yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Hao ng'ombe wanaendeleaje? Unawapa nini?"

Cherehani ikanyamaza. Generosa alikuwa ameondoa mguu kwenye pedali ili anisikie vizuri. Ningesema, "Baba, nawapeleka kwenye tope la lamboni kwa sababu sina kitu," ungekuwa ukweli, na mimi ningekuwa maskini mbele yake.

"Mashudu, baba," nikasema. "Mashudu na pumba. Nachukua kwa Badrudin, Shinyanga mjini."

"Kwa Badrudin? Mimi pia nachukua kwake!" Mzee akanitazama kwa jicho jipya. "Kumbe wewe ni mtu."

Cherehani ikaendelea, na nadhani ilikuwa inaenda haraka zaidi kuliko mwanzo. Nikatoka pale natembea kama diwani.

Na ng'ombe kweli walinona. Mbavu zikapotea, nundu zikasimama. Utomvu kwenye mashuke ukakauka, mahali pa mbegu vikabaki vipunje vigumu vya kijivu. Ng'ombe wakavitafuna kama watoto wanavyotafuna karanga.

Siku ya kupeleka mahari tuliondoka asubuhi, taratibu, ili wasipungue njiani. Athanas alivaa koti. Mimi nilivaa viatu ambavyo sitasema vilikuwa vya nani.

Njiani jambo moja tu lilinishangaza. Yule dume mweusi alikuwa anatikisa kichwa juu chini, juu chini, bila kuacha.

"Ana nini huyu?" nikauliza.

"Anakubali posa," akasema Athanas. Tukacheka mpaka tukakaa chini.

Tulipofika Didia, ua wa Mzee Bujiku ulikuwa umefurika. Vyungu vya pombe vimepangwa kivulini, wazee wamekaa kwenye vigoda, akina mama wamesimama upande wa jikoni. Mzee mwenyewe alisimama mlangoni mwa zizi, akawatazama ng'ombe mmoja mmoja, akapitisha kiganja ubavuni.

"Wabeja," akasema kwa Kisukuma, ahsante ile inayotoka tumboni. "Wabeja sana, mkwe."

Mkwe! Mimi! Nikamtafuta Generosa kwa macho. Alikuwa amesimama nyuma ya shangazi zake na kitenge kipya. Akainamisha uso, lakini tabasamu nililiona.

Laiti angesema mtu, "Basi inatosha, twendeni tukale."

Lakini mahari haipokelewi kimya. Akina mama wakapiga vigelegele. Vijana wa pale nyumbani wakaruka na fimbo, wakapiga miluzi, wakawaswaga ng'ombe waingie zizini mbio mbio kama desturi ilivyo.

Ng'ombe wa kwanza alirusha miguu ya mbele mikavu kama askari wa gwaride, akaenda hatua chache, akaanguka kifudifudi.

Wa pili akamkwepa, miguu ya nyuma ikamkimbia, akakaa kitako kama mbwa. Kitako! Ng'ombe mzima amekaa anatutazama.

Wa tatu na wa nne waligongana. Dume mweusi, fahari yangu, alipepesuka kwenda kushoto, akapepesuka kwenda kulia, akaenda kuangukia vyungu vya pombe, akabaki amelala katikati ya vigae anatetemeka mwili mzima.

Vigelegele vilikatika katikati, kama wimbo wa redio betri inapoisha.

Halafu mtu mmoja akacheka. Kisha wote.

"Mahari imelewa!" akapaza sauti bibi mmoja. "Jamani, mahari imelewa kabla ya wageni!"

Mzee Bujiku hakucheka. Alipiga goti mbele ya yule ng'ombe aliyekaa kitako, akaushika mdomo wake kwa mikono miwili, akaunusa. Watu wakasubiri hukumu ya pua. Nami nilisimama pale naomba kwa moyo wangu wote pombe isikike. Ulevi una adhabu yake, lakini ni ndogo.

Mzee akasimama polepole.

"Hajanywa," akasema.

Hapo ndipo kicheko kilipokufa. Kama si pombe, basi ni nini? Nikaliona jibu likitembea kutoka kwenye uso mmoja kwenda mwingine, mpaka mzee mmoja wa pembeni akalitoa mdomoni.

"Huyu si alitoka machimboni? Hii ni mali ya ndagu."

Ndagu, kwa asiyejua, ni dawa ya utajiri inayosemwa huko kwenye dhahabu. Mtu anapewa mali, kisha mali inadai mtu. Pale hakuna aliyehitaji kuelezwa. Akina mama waliwavuta watoto wao nyuma. Shangazi mmoja alimshika Generosa mkono, akamrudisha ndani kama anayemwondoa kwenye moto.

"Athanas," nikanong'ona, "wewe ni mshenga. Sema neno."

Athanas akavua koti. Akalikunja.

"Ndugu zangu," akasema, "mimi huyu bwana sina undani naye. Tulikutana tu stendi ya Masumbwe, akaniomba nimsaidie kuswaga."

Miaka yote ile ya shimoni! Sahani moja! Kisha akaondoka kwa hatua za mtu asiyetaka kuonekana anakimbia, na alipofika kwenye kona ya michongoma akakimbia.

Vijana wakanisogelea. Fimbo zilezile zilizokuwa za ng'ombe sasa zilikuwa zinanitazama mimi. Nikafungua mdomo, mimi msemaji, mimi kasuku, nikaishia kukohoa.

"Waacheni!"

Ilikuwa sauti ya Generosa. Alikuwa amemponyoka shangazi. Akapita katikati ya vijana, akachuchumaa kwa yule dume kwenye vigae, akamwekea mkono shingoni.

"Baba, waambie watu wasogee. Mnawatisha. Mnyama huyu anahema kwa woga."

"Generosa, toka hapo."

"Nitatoka, baba. Wasogee kwanza."

Mzee akainua mkono, watu wakarudi nyuma. Tukasubiri. Dume akaacha kutetemeka. Akakusanya miguu, akasimama. Na wengine wakafuata, mmoja baada ya mwingine, wakajikung'uta, wakaanza kula nyasi za paa la banda la kuku kana kwamba hawajawahi kuanguka.

Nikapumua. Nikasema kimoyomoyo, Mungu si Athanas.

"Wamefufuka!" akapiga yowe yule bibi wa mahari imelewa. "Walikufa, sasa wamefufuka!"

Na watu waliokuwa hawajaogopa walipoanguka, waliogopa waliposimama. Ua ulibaki na vigoda vitupu.

Mzee Bujiku akanishika bega. Si kwa nguvu, ila hakuwa na mpango wa kuliachia.

"Mkwe," akasema, "utakaa hapa na ng'ombe wako mpaka jambo hili lijulikane."

Neno ni lilelile. Asubuhi lilikuwa asali, saa hizi lilikuwa pingu. Ng'ombe walifungwa kwenye zizi la pembeni, wakapewa mabua makavu ya mtama. Mimi nilipewa chumba cha majembe, pamoja na majembe yake.

Kesho yake alikuja Bwana Mifugo kwa baiskeli. Bwana Mifugo alikuwa mwanamke, Apolonia, msichana mrefu aliyemaliza chuo si zamani. Lakini Didia cheo ni cheo, wote walimwita Bwana.

Alipima joto, akafunua kope, akachungulia midomo. Kisha akamwomba kijana mmoja ampigie makofi yule dume kwa nyuma. Kijana akapiga. Miguu ikakauka, dume akayumba, akajikamata kwenye nguzo.

"Huu si uchawi, mzee," Apolonia akamwambia Mzee Bujiku. "Hii ni sumu ndogo kwenye mishipa ya fahamu. Imetoka kwenye chakula." Akanigeukia. "Kaka, walikuwa wanakula nini?"

Mlango ulikuwa wazi kabisa, msomaji. Uliwekwa mbele yangu na mtu mwenye elimu yake na nia njema. Nilichotakiwa ni kupita.

Lakini Generosa alikuwa amesimama pale na kikombe cha uji alichoniletea. Na Mzee Bujiku alishajibu kwa niaba yangu.

"Mashudu! Mashudu ya Badrudin. Aliniambia mwenyewe."

"Ni kweli?" Apolonia akaniuliza. "Mashudu tu? Hakuna malisho mengine?"

"Mashudu," nikasema. "Na pumba."

Akakunja uso. "Mashudu yakilowa yanaota ukungu, na ukungu unaweza kuwa na sumu. Hilo nalijua. Ila kuyumba namna hii kwa mashudu sijawahi kuona." Akafikiri. "Haidhuru. Aliye na mashudu ayaache kwanza, mpaka nipeleke kidogo yakapimwe."

Alikuwa amelenga vizuri. Mimi ndiye niliyeihamisha shabaha.

Siku zilizofuata zilikuwa tamu kupita kiasi. Ng'ombe wangu, kwa kula mabua tu, waliacha kutikisa vichwa. Vijana waliwafukuza kwa makusudi uani, wakakimbia wamenyooka. Neno ndagu likaanza kusemwa kwa sauti ndogo, kisha likaachwa. Nikahamishwa kutoka chumba cha majembe, nikapewa cha wageni. Yule bibi wa mahari imelewa akaniletea maziwa mgando na kuniambia kwamba yeye tangu mwanzo alijua mimi ni mtu mwema.

"Makosa ni ya Badrudin," Mzee Bujiku alimwambia kila aliyekuja kutusalimia. "Angetuulia mifugo yetu. Nimemrudishia magunia yake yote kwa lori la pamba, na ujumbe wa kutosha juu yake."

Mimi nikainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu. Kumbe nilikuwa natafuta pa kuweka macho.

Generosa aliniuliza mara moja tu, tukiwa barazani, huku akipima kitambaa cheupe cha gauni lake.

"Thobias, huna neno unalotaka kuniambia?"

"Neno gani?"

"Sijui. Unakula kama mtu anayechelewa gari."

"Ni mapenzi," nikasema. Akatikisa kichwa, akaendelea kupima.

Ndipo Badrudin akaja.

Alikuja mwenyewe na pikapu yake, magunia ya mashudu yamejaa nyuma. Alikuwa mzee wa Kihindi mwembamba, kofia kichwani, aliyezaliwa Shinyanga na kuongea Kisukuma kunishinda mimi. Hakusubiri kukaribishwa. Bahati nzuri au mbaya, Apolonia naye alikuwepo, amekuja kuwaangalia ng'ombe.

"Bujiku," akasema Badrudin, "tumefanya biashara tangu baba yangu na baba yako. Leo unaniandikia kwamba nauza sumu? Mwaka huu wa kuwasaka wahujumu uchumi? Unajua mwaka huu mfanyabiashara akitajwa vibaya anapelekwa wapi?"

"Naujua mwaka huu," akasema Mzee. "Na ng'ombe walioanguka nimewaona."

Badrudin akapanda nyuma ya pikapu. Akafungua gunia la kwanza, akachota konzi ya mashudu, akatia mdomoni. Akatafuna. Tulimsikia akitafuna. Akafungua la pili, akatafuna. La tatu likamkwama, akakohoa mpaka machozi, Generosa akamkimbizia maji.

"Haya," akasema akijifuta ndevu. "Nikianguka, nizikeni hapahapa. Nisipoanguka, nionyesheni mtu aliyenunua kwangu kitu kibaya."

Mzee akaninyooshea kidole. "Huyu hapa. Mteja wako."

Badrudin akavaa miwani. Akanitazama kuanzia viatu kwenda juu.

"Huyu? Huyu aliingia dukani mara moja. Aliomba kiberiti awashe sigara, akaondoka nacho."

Ua mzima ukanigeukia. Wa mwisho kugeuka alikuwa Generosa, na kwa hiyo uso wake ndio niliouona vizuri zaidi. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama fundi aliyegundua kitambaa alichonunua kina tundu. Akaweka kikombe cha maji chini, akaichukua kamba iliyokuwa ukutani na kikapu chake cha ushonaji, akatoka nje ya ua.

Badrudin akashuka garini, watu wakaanza kusema wote kwa pamoja: wengine ndagu, wengine mwizi wa kiberiti.

Apolonia ndiye aliyenisogelea. Hakunikaripia. Aliniuliza tena swali lilelile, polepole, kama anayemuuliza mtoto aliyemeza kifungo.

"Kaka Thobias. Walikuwa wanakula nini?"

"Nyasi," nikasema.

"Nyasi gani?"

"Ndefu. Zina mashuke. Zilikuwa zinatoa utomvu mtamu, unanata. Niliuramba. Baadaye mashuke yakawa na vipunje vya kijivu."

Akashika mikono yangu yote miwili, alivyofurahi. Nadhani ni furaha ya mtu aliyekuwa analitafuta jibu kila alipolala.

"Ni ukungu!" akasema. "Hivyo vipunje si mbegu, ni ukungu unaoota penye mbegu. Chuoni nilionyeshwa picha tu, sikuwahi kuuona. Mnyama akila mashuke hayo mwili unamtetemeka. Akitulia huoni kitu. Akishtuliwa miguu inakataa. Ukimwondoa kwenye nyasi zile anapona, ndiyo maana wako wamepona kwa mabua. Mara nyingi hawafi kwa sumu yenyewe."

"Wanakufa kwa nini?" akauliza Badrudin, ambaye alikuwa na haki ya kujua.

"Kwa kuanguka. Shimoni, au majini wakienda kunywa. Nyasi hizo ziko wapi?"

"Lamboni," nikasema.

Mzee Bujiku akasogea mbele.

"Lambo lipi?"

Sauti ile, msomaji, haikuwa ya hasira. Ningeipenda hasira.

"Lile la zamani, baba. La huku katikati."

Mzee akakaa kwenye kigoda. Akakikosa kidogo, akakaa ukingoni.

"Nilipoyarudisha mashudu," akasema, "maksai wangu hawakuwa na cha kuwapa nguvu, na pamba bado iko shambani. Ngitili siwezi kuifungua kabla ya kiangazi, ukoo wote ungeniuliza. Nikasikia lamboni nyasi zimejaa. Siku zote hizi wanashinda kule. Asubuhi wamepelekwa, na mchungaji amerudi na homa." Akanitazama. "Generosa ndiye amekwenda kuwachukua. Hukumwona ametoka na kamba?"

Nilianza kukimbia kabla hajamaliza. Nyuma yangu nilimsikia Apolonia akipaza sauti.

"Usiwashtue! Ukifika usipige kelele, usikimbie karibu yao! Waondoke majini wenyewe, polepole!"

Njia ya lamboni hailipokei gari, kwa hiyo walinifuata kwa miguu, na mguu wa Mzee haukuwa wa mbio. Nilikuwa peke yangu. Nilikimbia na viatu vya mkopo mpaka kimoja kikabaki kwenye tope, nikakiacha. Kifua cha machimboni kikawaka. Nilijisemea maneno mengi njiani, yote ya kumwambia Generosa, na kila nililolitunga lilikuwa bora kuliko uongo wangu wote. Laiti ningelitunga moja tu barazani.

Nikafika penye majani marefu, nikajilazimisha kusimama.

Lambo lilikuwa limejaa hadi ukingoni. Maksai watatu walikuwa juu kidogo, wanatafuna mashuke. Vichwa vyao vilikuwa vinacheza, juu chini, juu chini. Wa nne, yule mwekundu mwenye pembe za kupinda, aliyeongoza mkokoteni wa Mzee, alikuwa ameshuka kunywa mahali ukingo ulipokatika ghafla na maji yakawa meusi kwa kina.

Na Generosa alikuwa amekaa juu ya ukingo, karibu naye, anamsubiri amalize kunywa. Kitambaa cheupe cha gauni kilikuwa mapajani, anashona upindo. Kumbe alikuwa bado anashona! Sijui mpaka leo alikuwa anashona kwa sababu amenisamehe au kwa sababu ameudhika, wanawake wanajua wenyewe. Kisha nikaiona kamba. Ili mikono ibaki huru kwa sindano, kamba ya yule maksai alikuwa ameizungusha kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, mizunguko mizuri, imekaza.

Nilitaka kupiga kelele. Mimi ambaye nimepiga kelele maisha yangu yote pasipohitajika! Nikaziba mdomo kwa viganja viwili. Nikaanza kwenda kwa ncha za vidole, kiatu kimoja, nikiinua goti juu kila hatua ili nyasi zisilie. Nikamwonyesha kwa mkono: fungua kamba. Nikazungusha kidole kwenye kifundo changu, nikakivuta. Fungua, fungua.

Generosa akainua macho.

Akaniona nimelowa tope mpaka kwenye nyusi, nanyata kama kuku kwenye mvua, najizungusha kidole kifundoni kama bwana harusi anayeahidi bangili.

Nilikuwa nimebakiza mwendo wa kurusha jiwe. Nikamwona anajitahidi kubaki na uso wa hasira. Nikaona mdomo wake unamshinda.

Usicheke, Generosa. Nilisema bila sauti. Usicheke, mama.

Akacheka. Kile kicheko chake chenyewe, cha kichwa nyuma, ambacho mtu wa ng'ambo ya lambo angekisikia.

Maksai mwekundu akarusha kichwa juu kutoka kwenye maji. Miguu ya mbele ikakauka. Ya nyuma ikateleza.

Kamba ikanyooka.